Mama Asiyegeuka

Kila asubuhi ya siku ya soko, kabla ya kwenda shule ya mchana, Kétsia alisimama kwenye baraza ya duka la baba yake pale Mushaki, simu mkononi, akisubiri vikwembe, yaani vitenge vya kujifunga, vipite. Baba yake, Papa Constantin, alikuwa amehamia huko kutoka Butembo miaka mingi iliyopita, na aliuza vitambaa tu: vitenge vya kila rangi vilivyopangwa kuanzia sakafuni hadi darini. Kétsia alikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini alikuwa na jicho! Mwanamke akipita na mzigo wa viazi mgongoni, yeye alishajua kikwembe alichojifunga kilitoka furushi gani na fundi gani alikikata.

Picha alizopiga alizituma kwenye ukurasa wake wa Facebook ulioitwa "Kikwembe cha Leo". Watu zaidi ya elfu tatu waliufuata, kuanzia Sake mpaka Walikale, wakiwemo wengi waliokimbia vita na kutamani tu kuona barabara ya kwao. Basi kichwa kikamvimba kidogo. Kidogo? Tuseme ukweli: kilivimba sana. Alikata kipande cha boksi, akaandika PRESSE, yaani mwandishi wa habari, kwa wino mwekundu, akakivaa shingoni kwa uzi.

Siku moja wageni kutoka Goma walifika kusikiliza matatizo ya wakimbizi kwenye ukumbi wa parokia. Mbele kulikuwa na benchi la waandishi wa habari. Kétsia alikwenda moja kwa moja, kadi yake ikining'inia kifuani, lakini mlinzi alimzuia mlangoni.

"Wewe unatoka redio gani?"

"Natoka kwenye ukurasa wangu. Naandika habari za mavazi."

Watu waliokuwa karibu walicheka hadi machozi. "Journaliste wa marinda!" mmoja alipiga kelele. Mama Adelaïde, mtangazaji wa redio ya pale, ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliinuka kwenye benchi, akamfuata mlangoni.

"Photo yako ya juzi, kikwembe cha zambarau, niliipenda," alisema. "Yule mama anaitwa nani?"

"Sijui."

"Ulimuomba ruhusa?"

Kétsia aliigeuza kadi yake upande wa nyuma.

"Bon. Siku utanijibu hayo, tutakaa benchi moja."

Kétsia alirudi nyumbani amenuna, akaapa kwamba atawaonyesha. Maswali ya nini, na nguo ni nguo tu?

Hazikupita wiki mbili, vita vikasogea tena. Milio ya risasi ilisikika upande wa kijiji cha Karuba, soko likafungwa, shule ikafungwa. Kisha ukungu ukashuka kutoka vilimani na kukaa barabarani siku nne mfululizo, mzito, hata mtu hakuona duka la pili. Hakuna mwanamke aliyepita. Ukurasa unaoitwa "Kikwembe cha Leo" ukakaa bila leo yake, na wafuasi wakaanza kuuliza, "Leo hatuna kitu?"

Kétsia alipekua picha za zamani kwenye simu. Akaona moja ya miezi mitatu nyuma: mwanamke aliyempa mgongo, amejifunga kikwembe cha kijani chenye ndege wa njano, na ukungu ukimzunguka. Uso haukuonekana. Ila kuku wawili weupe walikuwa wametoa vichwa kwenye kikapu chake, wakimtazama mpiga picha. Kétsia alikata pembeni, akabakiza mgongo, kikapu na ukungu. Juu yake akaandika: "Leo asubuhi, Mushaki. Amepita mwenyewe, bila kugeuka." Akatuma.

Jibu la kwanza lilikuwa moyo. La pili lilikuwa moyo. La tatu lilisema: "Kikwembe hiki nakijua, huyu mama tulimlilia. Aliuawa kwake Karuba siku ya vita vilivyopita, alfajiri. Leo anatembeaje Mushaki?"

Kétsia alilisoma jibu hilo mara mbili. Angeweza kusema ukweli dakika ile ile, na mambo yangeishia hapo. Lakini alitazama namba. Kufikia saa sita mchana picha ilikuwa imesambazwa mara mia sita, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akajiambia atasema kesho.

Kesho yake watu walianza kuona. "Mimi nilimkuta kwenye kona ya Karuba," mmoja aliandika. "Nilimwita mara mbili, hakugeuka." Mwingine alimwona karibu na mto, kikapu kichwani, na kuku hawakutoa sauti. Pale Mushaki kwenyewe wakampa jina: Mama Asiyegeuka. Wazazi wakakataza watoto kwenda kuchota maji peke yao. Jirani mmoja alileta kitenge chake dukani, akakiweka mezani kwa ncha za vidole.

"Papa Constantin, chukua kitambaa chako. Hawa ndege wananiangalia."

"Lakini hawa ni wa bluu, mama!"

"Bluu ao njano, mimi sitaki ndege mu nyumba yangu."

Alipoondoka, Papa Constantin alitikisa kichwa. "Ajabu. Kile cha ndege wa njano nilileta nusu kipande tu, yadi sita, na nilimuuzia mutu mmoja, mama wa Karuba. Hakuna kingine hapa kwetu. Sasa nani anakivaa?"

Kétsia alijifanya anahesabu vitambaa. Na hapa ndipo utamshangaa: yeye aliyeutunga uongo, yeye aliyejua kila kitu, alianza kuogopa. Akifunga macho aliuona ule mgongo wa kijani. Akipita mbele ya dirisha alitazama chini. Vipi kama kweli yuko? Watu wote hao wamemwona!

Siku ya tatu asubuhi, baba yake alikuwa stoo, na Kétsia alikuwa peke yake mezani akikunja vitambaa. Nje hakukusikika jogoo wala pikipiki. Kisha akasikia nyayo za mtu aendaye polepole kwenye matope. Zikasimama. Alipoinua macho, aliwaona ndege wa njano mlangoni, katikati ya ukungu, kwenye kitambaa cha kijani kilicholowa maji.

Alirudi nyuma hadi akagonga vitambaa. Ndege wakasogea. Wakaingia dukani.

"Dada," sauti ndogo ilisema, "ni wewe njo uko na photo ya mama?"

Alikuwa msichana wa rika lake, mwembamba, miguu imejaa matope hadi magotini. Aliitwa Uwingabire. Kile kitambaa Kétsia alikitambua sasa: desturi ya wanawake wa huko, mama akinunua nusu kipande, hujikatia yeye na kumkatia binti yake, wavae sawa Jumapili. Hii ilikuwa sehemu ya binti.

Uwingabire alieleza haraka, akitetemeka kwa baridi. Siku ile ya vita alikimbia na majirani mpaka kambini Lushebere. Mama yake, Mukasine, hakuonekana tena. Majirani walisema aliuawa nyumbani alfajiri, ingawa hakuna aliyemzika. Halafu juzi mtu akamwonyesha simu. Alipanda pikipiki hadi dereva alipogoma kuendelea kwa hofu ya risasi, na sehemu iliyobaki alitembea.

"Wanasema mama iko Karuba, kwenye kona," alisema. "Kama haiko hapa, naenda kumufuata kule. Labda wamemupiga kichwa, hanikumbuki tena. Mimi akiniona atageuka."

"Karuba bado wanapigana!" Kétsia alisema.

"Najua."

Uwingabire alijikaza kikwembe kiunoni, akageukia mlango. Kétsia aliona wazi kitakachotokea: msichana huyu ataingia kwenye ukungu kumtafuta mtu ambaye hayuko kule, na atapigwa risasi njiani kwa sababu ya neno moja, leo. Na yeye akisema, kila mtu atamcheka, ukurasa utakufa, na baba atamnyang'anya simu. Aliruka meza, akamshika mkono.

"Usiende. Sikumpiga picha leo. Ile picha ni ya zamani, ya miezi mitatu. Niliandika leo ili watu wapende. Nilidanganya, Uwingabire. Hakuna mtu Karuba."

Uwingabire alijitoa mkononi mwake. Alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Kumbe mama alikufa kweli," alisema.

Kétsia alilia kwa aibu na kwa huruma. Hakuwahi kufikiri kwamba picha ya nguo inaweza kumfufua mtu na kumuua tena.

Papa Constantin alikuwa amesimama mlango wa stoo na amesikia yote. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, lakini hakuinua mkono. Alimfunika Uwingabire kwa kitenge kikavu, akawasha mkaa achemshe chai, kisha akampigia simu Mama Adelaïde. Mama huyo alipofika alimsikiliza Kétsia mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sasa nionyeshe photo yenyewe," alisema. "Nzima. Kabla hujaikata."

Kétsia aliitafuta. Katika picha nzima, mwanamke hakuwa peke yake kwenye ukungu. Mbele yake palikuwa na lori la bluu, na mkono wake ulikuwa umeshika mlango.

"Hiyo ni Fuso ya Raphaël!" Papa Constantin alisema. "Mutu wa kwetu Butembo, anapelekaga chumvi Walikale!"

Mama Adelaïde aligusa kioo cha simu. Tarehe ilikuwa siku ile ile ya vita vya Karuba, na saa ilikuwa nne na dakika kumi asubuhi.

"Uwingabire, mutoto wangu, angalia vizuri," alisema taratibu. "Majirani wanasema mama aliuawa kwenu alfajiri. Lakini saa nne alikuwa hapa Mushaki, muzima, na kuku zake. Alifanya nini huku?"

"Alikuja kuziuza," Uwingabire alinong'ona. "Aliondoka nyumbani giza bado liko. Nilifikiri alisikia risasi, akarudi."

Walimpigia Raphaël mara kumi na moja ndipo akapatikana. Sauti yake ilijaza duka zima. "Mama wa kuku nyeupe? Nitamusahau namna gani? Walinichafulia kabini yote! Alikuwa analia mutoto wake. Watu walimwambia watu wa Karuba wamekimbilia Nyabiondo, njia ya Walikale, nikamushusha kule. Nyuma yangu barabara ikafungwa. Zaidi ya hapo sijui."

Jioni ile ile redio ilitangaza jina la Mukasine, kikwembe chake na kuku wake. Na Mama Adelaïde alimkalisha Kétsia mbele ya simu.

"Nifute ile picha?" Kétsia aliuliza.

"Hapana. Ukifuta, waliodanganyika watabaki wamedanganyika. Andika ukweli juu yake."

Kétsia aliandika: "Picha hii si ya leo. Nilidanganya, na uongo wangu ulitaka kumpeleka mtoto kwenye risasi. Mama huyu anaitwa Mukasine. Anatafutwa na binti yake. Aliyemwona kweli, aseme wapi na siku gani." Matusi yalimiminika. Watu mia nane waliuacha ukurasa kwa siku moja. Lakini wale waliosema wamemwona kwenye kona hawakujibu tena, na watoto wakarudi kuchota maji.

Siku ya sita, muuza dawa mmoja wa Walikale aliandika: "Yuko hapa parokiani, anafulia masista. Kikwembe ni kile kile."

Ilichukua wiki tano barabara kufunguka. Siku Mukasine aliposhuka Lushebere, ambako Uwingabire alikuwa amerudishwa kambini, Kétsia alikuwepo pamoja na Mama Adelaïde. Sitaeleza jinsi mama na mtoto walivyokumbatiana, maana hata Kétsia mwenyewe alifunika macho. Baadaye, walipotulia, wote walikaa kwenye benchi mbele ya hema. Kétsia alitoa ile kadi ya boksi mfukoni.

"Niichane?" aliuliza. "Wote wanasema mtu wa mavazi hawezi kuwa presse."

"Wanasema vibaya," Mama Adelaïde alijibu. "Ni kikwembe njo kilimuonyesha mama huyu, si mikutano yangu ya wakubwa. Nguo nayo ni habari. Lakini kadi haimfanyi mtu kuwa mwandishi, hata yangu yenye muhuri. Kinachomfanya ni kuuliza: huyu ni nani, wapi, lini, na je, amekubali? Katika vita, picha inaweza kumuumiza mutu kama hukuuliza. Na ukikosea, useme mbele ya wale wale uliowadanganya. Wewe umeshasema. Wengi wenye kadi hawajaweza."

Kétsia alirudisha kadi mfukoni. Akachukua simu, akasimama nyuma ya Mukasine, ambaye alikuwa amempa mgongo akimsuka binti yake.

"Mama Mukasine, ninaweza kukupiga picha? Nitaandika jina lako, Lushebere, na tarehe ya leo. Leo ya kweli."

Mukasine aliacha kusuka. Uwingabire akaanza kucheka.

"Piga," mama alisema, na akageuka.