Aliyepanda na Samoni

Samaki waliingia arobaini na mmoja, wakatoka arobaini na wawili.

Nobue alikitazama kidude cha kuhesabia kiganjani mwake, kisha akamtazama Mitsugu, dereva wa lori, aliyekuwa akikunja mpira mpana wa kumiminia samaki ziwani huku akipiga mluzi.

"Kule chini tulipakia wangapi?"

"Si tulihesabu wote wawili, bosi? Arobaini na mmoja."

"Hapa wametoka arobaini na wawili."

"Basi mmoja kajifungua njiani. Tumpelekee mama uji." Mitsugu akacheka mwenyewe mzaha wake.

Nobue hakucheka. Miaka sita alikuwa amebisha kila ofisi akiomba samoni wasaidiwe kuvuka bwawa la umeme. Ukuta ule ulikuwa umesimama tangu enzi za baba yake, na kila vuli samoni walitoka baharini, wakaupanda mto mpaka chini ya ukuta, wakajigonga vichwa kwenye zege hadi wakafa. Mwisho wakubwa walikubali majaribio ya msimu mmoja: mtego chini ya ukuta, lori la tangi, dakika ishirini za barabara ya mlimani, kisha ziwani, juu ya ukuta. Samoni wakivuka mia tatu kabla Novemba haijaisha, itajengwa ngazi ya samaki ya kudumu, vidimbwi vilivyopangana kama ngazi ili wajipandishe wenyewe. Wasipofika, mtego unang'olewa na habari yao imekwisha.

Kwa hiyo samaki wa ziada alimtia Nobue wasiwasi. Mwizi hupunguza. Anayeongeza ana lake jambo, na siku litakapofichuka hakuna atakayemuuliza dereva. Ataulizwa yeye.

Kesho yake waliingia thelathini, wakatoka thelathini na mmoja. Keshokutwa vilevile, na siku zilizofuata vilevile, mmoja tu kila safari. Nobue akaanza kumchunguza Mitsugu. Jamaa alikuwa na shemeji yake kwenye kituo cha kutotolesha samaki. Alikuwa na ndoo. Alikuwa na ucheshi mwingi mno kwa mtu wa mshahara ule. Mchana mmoja, Mitsugu alipokwenda kununua chai, Nobue akaipekua kabini ya lori mpaka chini ya mikeka. Alikuta gazeti la mbio za farasi na pakiti ya ngisi wakavu. Alipoinua kichwa, Mitsugu alikuwa amesimama mlangoni na chupa mbili za chai ya moto.

"Umepoteza kitu, bosi?"

"Kalamu."

"Iko sikioni mwako," alisema Mitsugu. Alimpa chupa yake na siku ile hakupiga mluzi tena.

Safari ya kumi Nobue alilifunga tangi mwenyewe kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akakaa kando ya dereva. Mchana ulikuwa mweupe, majani ya milimani yamewiva mekundu, barabara haina mtu. Kwenye kona ya tatu akasikia kikohozi.

Kilitoka nyuma yao. Kilikuwa kikavu, mara tatu, kisha ukafuata mluzi mwembamba wa pumzi inayotafuta pa kupita.

"Una mafua, bosi?" Mitsugu aliuliza bila kugeuka.

Nobue aliugusa ufunguo mfukoni mwake. Angeweza kumwambia pale pale. Lakini mtu uliyempekua juzi humwambii leo kwamba tangi linakohoa.

"Kidogo," alisema.

Kisha ikaja harufu ya haradali iliyokandwa kwa maji ya moto, pamoja na karatasi iliyolowa.

Ziwani alifumba macho akasikiliza. Kila samoni aliyetoka mpirani alianguka majini chubwi, naye akabonyeza. Chubwi ishirini na sita. Kisha mpira ukatikisika mara moja zaidi, kitu kikapita, na kidole chake kikabonyeza ishirini na saba. Maji hayakulia.

Kikohozi kile alikijua. Miaka minne nyuma, binti yake Kaho alipokuwa na miaka mitano, kilikaa nyumbani kwao msimu mzima wa baridi. Mama mkwe wake, Bi Ume, alimkanda mtoto haradali kifuani asubuhi na jioni, na daktari wa mjini alishaanza kuzungumza nao kwa sauti ya msibani. Halafu mwanzoni mwa Machi kikakatika ghafla. Nobue aliishukuru dawa mpya.

Jioni ile alimkuta Bi Ume akikata figili za kutia chumvi. Kaho alikuwa mezani anakula wali na supu.

"Mama, leo umemkanda Kaho haradali?"

"Mtoto mzima nimkande haradali ya nini?"

"Nimesikia harufu yake. Kwenye lori. Na nimesikia kikohozi chake ndani ya tangi la samaki."

Kisu kilisimama. Bi Ume hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha Nobue. Mtu asiyejua lolote angesema umechoka, kalale.

"Mama. Unajua nini?"

"Usilete mezani maneno mazito na mtoto anakula," alinong'ona Bi Ume.

"Mama, hata ziwani yupo," alisema Kaho, mdomo umejaa wali. "Kuna mtoto anakohoa majini. Nikitoka shule nakohoa hivi, uhu uhu, naye ananijibu. Jana alijibu karibu na mawe. Mwanzo alikuwa mbali kabisa."

Hakuna aliyemeza tena kitu mezani pale, isipokuwa Kaho.

Walipobaki wawili, Bi Ume alisema yote, macho yake kwenye figili. Kila tarehe tatu ya Machi watu wa kijiji hujipapasa mwili kwa mwanasesere wa karatasi, panapouma pazidi, wakampulizia mara tatu, wakamtia mtoni abebe maradhi mpaka baharini. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Lakini tangu lijengwe bwawa, wanasesere hawafiki popote. Hukwama penye magogo yaliyofungwa mbele ya ukuta kuzuia takataka, wahudumu wa hekalu wakawazoa kwa wavu na kuwachoma.

"Ugonjwa unauzungusha hapo mlangoni kama taka, halafu unauwasha moto ukuingie puani! Huko ni kuutupa?" Bi Ume aligonga kisu kwenye ubao. "Mjukuu wangu alikuwa anakufa, Nobue. Nilimficha mwanasesere wake kifuani, nikapanda basi, nikateremka chini ya bwawa, nikamtia maji. Nilimwona anakwenda mpaka kwenye kona. Usiku ule Kaho alilala."

"Hukuniambia."

"Wewe ungeniambia ni dawa."

Nobue aliwajua samoni kuliko alivyowajua watu. Samoni huteremka akiwa mdogo kama kidole. Hukaa baharini, hula, hunenepa, kisha siku yake ikifika huyatafuta maji yale yale alikotokea, hata akute ukuta. Na safari hii chini ya ukuta kulikuwa na mtego, na lori, na mwanamke aliyepigana miaka sita ili yeyote ajaye apandishwe.

"Imepita miaka mingapi, mama?" aliuliza, ingawa alijua.

"Minne."

Asubuhi walikwenda kwa Bi Sadayo, muuza tofu, jibini ya soya, wa kando ya daraja. Watu walinunua kwake tofu mbele ya duka, na nyuma ya duka walinong'ona mambo ambayo hospitali haiyataki. Alisikiliza huku akikoroga sufuria lake.

"Pepo mliyemtupa kifaranga amerudi na minofu," alisema. "Mmeshampandisha mara ngapi?"

"Safari kumi."

"Basi vipande kumi viko juu. Anajikusanya."

"Anataka nini?" aliuliza Nobue.

"Mtu wa samaki unaniuliza mimi! Samoni akifika kwao hufanya nini?"

"Hutaga," alisema Nobue.

"Haya. Anaifuata pumzi iliyomtuma. Mtoto akimjibu akiwa ukingoni, kaingia. Na hatakuwa mmoja." Bi Sadayo alizima jiko. "Chukueni mwanasesere mpya. Mtu mwingine ampulizie kwa hiari yake, tena akijua anachofanya. Pepo ataigeukia pumzi hiyo. Kisha mteremsheni tena chini ya bwawa."

"Nitapuliza mimi," alisema Nobue.

"Wewe una mtoto wa kulea," alisema Bi Ume. "Mimi ndiye niliyepanda basi."

"Na njia ifungwe," Bi Sadayo aliongeza. "Pumzi ya kikongwe ni fupi. Akipata njia tena, ataitafuta ile ndefu."

Nobue alimpa Mitsugu mapumziko ya siku moja. Mitsugu aliuliza amekosea nini. Akajibiwa kwamba hajakosea, kwa sauti ya mtu anayeficha, naye akaondoka amenuna.

Saa tisa alasiri Nobue aliegesha lori ziwani, Bi Ume kando yake, mwanasesere wa karatasi nyeupe mkononi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka majini. Kikohozi kiliwasindikiza barabara nzima, na hakuna aliyekitaja. Walitoka samaki kumi na wanane, chubwi kumi na nane, kisha mpira ukatikisika na kitu kikapita kimya, na hapo kikohozi cha tangini kikanyamaza na ziwa likaanza kukohoa, kwanza kule mbali penye ukungu, kisha kulia, kisha kushoto, kimoja kikimwitikia mwenzake kama wagonjwa wa wodi moja, na maji, ambayo hayakuwa na upepo wala samaki, yakaanza kuinuka viduara kumi na kimoja vilivyokuja pamoja kuelekea mawe ya ukingoni, vikiongozana, vikikaribiana, vikiungana, na harufu ya haradali ikamjaa Nobue machoni mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya machozi yale akamwona mtoto amesimama juu ya mawe, begi la shule mgongoni, mdomo wazi, amevuta pumzi tayari kujibu.

Alikimbia. Hakumwita, maana angeitwa angeitika. Alimrukia Kaho, akamziba mdomo kwa kiganja, wakaanguka pamoja kwenye kokoto, na mtoto akapigapiga miguu kwa hofu.

"Usitoe sauti," Nobue alimnong'oneza. "Mwanangu, nakuomba, usitoe sauti."

Duara moja kubwa lilisimama hatua mbili kutoka kwenye viatu vyao. Likasubiri. Chini ya maji Nobue aliona kitu cheupe, chembamba, chenye ukubwa wa mtoto wa miaka tisa. Hakikuwa na uso. Mahali pa mdomo palikuwa pakifumbuka na kufumba.

Nyuma yao Bi Ume alijipapasa kifuani kwa mwanasesere, akampulizia. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu aliitoa kwa nguvu zote za uzee wake, akasema, "Mimi ndiye niliyekutupa. Njoo kwangu, wewe mwana kulaaniwa."

Kitu kile kiligeuka. Maji yakatulia.

Wote watatu waliteremka kwa lori, Kaho amefungwa skafu mdomoni, na chini ya bwawa Bi Ume akamtia mwanasesere mtoni. Alikwenda. Waliporudi garini Bi Ume alikohoa mara ya kwanza, kikavu, akajifuta mdomo na kusema baridi imeanza.

Tangu kesho yake hesabu zilikuwa sawa: ishirini na wawili kwa ishirini na wawili, kumi na tisa kwa kumi na tisa. Mitsugu alirudi kazini, na Nobue hakumwambia kitu. Angeanzia wapi? Kaho alikula, alicheza, alilala. Bi Ume alikohoa kidogo asubuhi na jioni, na akikohoa alimtazama mjukuu wake kwa furaha isiyofichika.

Novemba ilipokwisha, Nobue aliketi kuandika taarifa. Walioingia mtegoni walikuwa mia mbili tisini na watatu. Waliotoka kwenye mpira, mia tatu na wanne. Aliwaza samoni wake watakaojigonga tena mwakani, na mwaka mwingine, akalia kweli kweli, kamasi zikimtoka. Kisha akaandika mia mbili tisini na watatu. Mtego ungeng'olewa, na hilo ndilo alilolitaka.

Siku nane baadaye, saa ya chakula cha mchana, Mitsugu alikuja nyumbani amevaa suti, na chupa ya pombe ya sake chini ya kwapa. Aliinama mlangoni mpaka paji la uso karibu liguse sakafu.

"Bosi, nina jambo la kusema, usinikasirikie. Siku ile ulipoipekua gari yangu, niliumia. Nikasema, huyu ananishuku. Basi nikanunua daftari, nikawa naandika kila anayetoka tangini, kila siku, saa na dakika, siku ukiniita mwizi nikuoneshe."

"Mitsugu..."

"Ngoja nimalize. Jana nikasikia ofisini umeandika mia mbili tisini na watatu. Nikasema, masikini, kaogopa kusingiziwa, kawakata wale wa ziada ili aonekane mkweli. Miaka sita yote iende bure kwa samaki saba? Nikawapelekea daftari langu. Wameangalia, wamepiga simu huku na huku, wamesema kinachohesabiwa ni waliofika ziwani." Sasa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Mia tatu na wanne, bosi! Ngazi inajengwa! Wanaanza theluji ikiyeyuka!"

Nobue alishika nguzo ya mlango.

"Itakuwa na mlango?" aliuliza. "Wa kufunga?"

"Mlango wa nini? Samaki hawagongi hodi. Itakuwa wazi mchana na usiku, hata mtu wa kuhesabu hahitajiki."

Chumba cha ndani Bi Ume alikohoa, akasubiri, akakohoa tena. Kisha wakasikia kabati likifunguliwa, na alipotokea alikuwa ameshika begi la safari la Kaho na mabuti yake ya theluji.

"Basi la mjini ni saa ngapi?" alimuuliza Mitsugu.