Abiria wa Pili Ndani ya Nyambizi

Zulia lilikuwa limelowa tena. Mshonaji alilikanyaga kwa soksi, akasonya, akatazama dari. Dari kavu. Akainama, akanusa vidole: chumvi na tope la bahari. Na bahari yenyewe ilikuwa mbali na mji ule, hata kwa basi hufiki siku hiyohiyo.

"Kapteni! Nani kamwaga nini humu?"

Kapteni alikuwa mdogo wake, mwanaume mzima na ndevu zake, aliyegeuza sebule ya marehemu mama yao kuwa chumba cha gemu: runinga tatu, viti vya plastiki, mapazia mazito ya kuzuia jua. Dada mtu alishonea nguo chumba cha nyuma, na milio ya risasi za uongo alishaizoea kama mlio wa cherehani yake. Walikuwa wamebaki wawili tu. Asubuhi wanagombana, mchana wanakula sahani moja.

"Hakuna aliyemwaga, dada." Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka mbioni, na mtu mwenyewe amekaa.

Alikuwa kwenye runinga ya kona, kwenye lile gemu la mji mzima, unaiba gari, unakimbizwa na polisi, ukichoka unakwenda zako kuogelea. Kwenye matoleo ya zamani nyambizi ilikuwa kitu cha kupita nacho tu. Toleo jipya unaimiliki: ina vitanda, ina chumba cha ramani, inazama mpaka kiza. Kapteni aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mchumba, na mchumba alipoliona hilo akafunga virago.

Mshonaji akatazama vizuri. Nyambizi ilipozama, kifua cha mdogo wake kilibonyea. Ilipopanda, akavuta pumzi.

"Izime."

"Nikiizima nakosa hewa kabisa." Akamshika mkono. "Usipaze sauti, dada. Anasikia."

"Nani?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Ndani ya nyambizi wamekaa watu wawili, migongo huku, makoti ya aina moja, kofia za aina moja.

"Mmoja ni mimi," alinong'ona. "Kuna kazi humo ndani ya gemu ilitaka watu wawili, na vijana wanaokuja kucheza wote walikuwa wameshaondoka. Gemu likauliza nimkaribishe nani. Nikabonyeza 'yeyote'. Akaja."

"Si wanakuja hao kwa mtandao?"

"Mtandao ulikuwa umekatika, dada. Sasa huyu katokea wapi?"

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikamwambia karibu. Kila anayeingia humu namwambia karibu."

"Mjinga wewe," alisema, ila kwa sauti ndogo, kwa sababu mdogo wake alikuwa amekohoa, na kilichomwagika mapajani kilikuwa maji ya chumvi na mchanga.

Mganga aliishi nyuma ya gereji, mwanamke mkavu asiye na maneno ya kutupa. Alipoitwa alifika, akawasha ubani, akaitazama runinga kama mtu anayetazama nyama iliyochacha.

"Nimetoa majini visimani, nimetoa matumboni, nimetoa mmoja kwenye friji. Haya, hili dubwana nani analiendesha?"

Kapteni alikuwa chini, midomo imeingia weusi.

"Mimi nimeona tu anavyofanya," alisema Mshonaji.

"Basi ni wewe. Huyu kakaribishwa, hafukuzwi kwa fujo. Anatolewa na mwenye nyumba, kwa mlango wake. Sasa nisikilize, mwanangu. Atakayebaki mle ndani ndiye atakayebaki na mwili huu. Nitawaita wote wawili. Ndugu yako ataitika kwa neno mnalolijua ninyi tu. Usiguse kitu kabla hajaitika. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi." Akaichukua pedi ya gemu mkononi mwa mdogo wake.

Mganga akaanza kuita, taratibu, na spika za runinga, ambazo Mshonaji alikuwa amezizima kwa mkono wake, zikatoa mlio wa chuma kikigongwa kutoka nje, ngo, ngo, na harufu ya tope ikapanda mpaka ikafunika ubani, na maji yakachuruzika chini ya kioo yakalitafuta zulia, na mwili wa Kapteni ukajikunja kama samaki aliyetupwa juani, kifua hakipandi, macho yamegeuka meupe, na mle ndani yule wa kulia amekaa ametulia, mikono kwenye usukani kama mtu aliye kwake, ila yule wa kushoto anahangaika, anakwaruza kioo, anapiga piga ukuta kama mwizi aliyesikia mlango ukifungwa, na dada mtu akasema moyoni, ndiye huyo, huyo anayebabaika, na mdogo wangu hana pumzi nyingine ya kungojea maneno ya mtu.

Akabonyeza kitufe cha mlango wa upande wa kushoto.

"Nimesema ngoja!" Mganga alipiga kelele.

Mlango wa chuma ulifunguka. Maji yakamzoa yule wa kushoto, yakamgeuza, na kofia ikamtoka. Ndevu zile. Mdomo ulikuwa wazi, unaita, na Mshonaji hakuhitaji sauti kujua unaita nani. Kisha kiza kikammeza.

Kwenye zulia, Kapteni akaketi. Akavuta pumzi ndefu, nzuri, akajifuta midomo.

"Nimepona, dada. Zima hiyo, tukapike."

Mganga hakumtazama. Alikusanya vyombo vyake kwa kupapasa, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akatoka.

Mshonaji hakugeuka. Aliiinamisha pua ya nyambizi, akawasha taa zake, akaanza kushuka, anamulika huku, anamulika kule, anamtafuta mdogo wake.

"Dada." Mkono ulitua begani kwake, na ubaridi ukapenya nguo. "Zima. Utaumiza macho."

Mshonaji akazidi kushuka.