Pumzi ya Wakonyo

Warigia na mumewe Theuri ni wakulima wa chai huko Wamagana. Walikuwa na watoto wawili, Wakonyo na mdogo wake Kinuthia. Jioni Wakonyo alimsaidia mama yake kumenya viazi, huku akiimba nyimbo za kanisani.

Msimu wa mvua, Wakonyo alianza kunywa maji kupita kiasi. Alikojoa mara nyingi. Sketi ya shule ikawa inamteleza kiunoni.

"Anarefuka tu," Theuri alisema.

Kisha akaanza kutapika. Alikuwa amelala kitandani, lakini alihema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima mbio. Pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva sana.

"Ni baridi imeingia kifua," Warigia alisema. Akampa dawa ya kikohozi na kumfunika blanketi. "Lala, mwanangu. Kesho utakuwa sawa."

Asubuhi walimwita, hakuitika. Walimkimbiza hospitali. Alifariki siku hiyo.

Baada ya mazishi, Sumeya, muuguzi wa zahanati ya karibu, alikuja kuwapa pole.

"Sista, alihema sana usiku huo. Ni kifua ilimuua?" Warigia aliuliza.

"Hapana, Mama Wakonyo. Niliuliza hospitali. Ni ugonjwa wa sukari."

"Sukari? Si hiyo ni ya wazee?"

"Hata mtoto hupata. Mwili unahitaji insulini, kemikali inayojitengenezea yenyewe, ili utumie sukari. Wakonyo aliishiwa na insulini, sukari ikabaki kwa damu. Mwili ukakosa nguvu, ukaanza kuchoma mafuta yake. Mafuta ikichomwa sana hivyo, inaacha asidi. Asidi ikajaa kwa damu. Mapafu ilikuwa inajaribu kuitoa. Ndiyo maana alihema vile."

Warigia alijifunika uso kwa leso. "Mtoto wangu alikuwa anapigana, na mimi namwambia alale!"

Sumeya alimshika mkono. "Hukujua. Na si chakula yako ilileta. Lakini Kinuthia akianza kiu, kukojoa sana ama kukonda, usingoje. Mlete siku hiyo hiyo apimwe."

Mwaka uliofuata, Kinuthia alirudi kutoka shule akamaliza jagi zima la maji.

"Mami, niongezee ingine."

 Warigia aliacha sufuria mekoni, akamshika mtoto mkono, wakaenda hadi zahanati. Sumeya alimdunga kidole akapima tone la damu. Sukari ilikuwa juu sana, lakini asidi haikuwa imejaa. Siku hiyo hiyo alipelekwa hospitali kubwa ya Nyeri, akaanzishiwa insulini.

Sasa Kinuthia hujidunga sindano ya insulini mwenyewe kila siku. Amenenepa, na anacheza mpira.

Jumapili moja, wakiwa mezani, aliuliza, "Mami, kama Wakonyo angepimwa mapema?"

Theuri aliinamisha kichwa. Warigia hakumficha.

"Angekuwa hapa na sisi."

Alipangusa macho. Kisha akamsogezea mwanawe kipimo cha sukari.

"Pima kwanza, ndio ule."