Tone Lililochukuliwa Bila Kuulizwa

Siku ya kliniki ya kisukari, ukumbi wa hospitali hujaa hadi pa kuweka mguu hakuna. Mwokaji mmoja wa mikate alimshika mama yake mkono. Gauni la bluu la binti huyo lilimkaa vizuri, ila kiwiko kimoja kilikuwa cheupe kwa unga. Mpimaji wa maabara alifungua mlango kumwita mgonjwa anayefuata, akabaki kumkodolea macho binti.

"Kaka, mgonjwa ni huyu," Mwokaji alisema. "Mimi naumwa njaa tu."

"Hiyo haina kipimo hapa, dada. Labda nikununulie chai nikitoka kazini."

"Isiyo na sukari?"

Mama mtu aliguna, lakini alicheka. Mambo yakaanzia hapo, na simu zikawa haziishi.

"Umekula nini leo, laazizi?"

"Nimeonja keki kutwa nzima. Unaniuliza kama mpenzi au kama maabara?"

"Kama mpenzi, bwana!"

Mpimaji alidanganya, maskini. Kazi yake ilikuwa kwenye utafiti wa familia zenye kisukari: jinsi njaa, vyakula, moshi wa mjini na hata mawazo vinavyoacha alama juu ya vinasaba, zikawasha hiki na kuzima kile, na nyingine huenda zikamfikia mtoto tumboni. Mama yake mwenyewe alimbeba mimba mwaka wa njaa. Baba yake alikufa kwa sukari, baada ya kukatwa mguu. Kila alipowaza ndoa, Mpimaji aliwaona watoto ambao hata hawajazaliwa wamepanga foleni kliniki.

Jumapili moja, nyumbani kwa Mwokaji, trei ya keki ilimkata binti kidole. Mpimaji alimfuta damu, akampuliza, akambembeleza. Kisha, mjinga yule, akageuka pembeni na kuliweka tone moja kwenye kifaa cha kupimia sukari alichotembea nacho mfukoni. Kifaa kikalia.

"Umenipima?"

"Imepanda kidogo, ila umetoka kuonja keki, kwa hiyo si lazima..."

"Nimekuuliza, umenipima?"

"Nilitaka kujua tu. Kwa ajili ya watoto wetu."

"Na ingekuwa mbaya, ungeniacha?"

Mpimaji alikaa kimya. Kimya hicho kilimuuma Mwokaji kuliko kidole.

"Nenda," alisema, akifungua mlango. "Katafute mwenye damu ya kukufaa."

Tangu hapo simu za Mpimaji hazikupokelewa. Mwishowe alijitokeza kwenye duka la mikate mchana kweupe, shati halijapigwa pasi, kola ikimpwaya shingoni. Wateja waligeuka kumtazama. Mwokaji alimvuta hadi chumba cha tanuri kuepusha aibu.

"Sema haraka, mikate itaungua."

"Nilinyamaza kwa sababu mwenye sukari ni mimi. Wiki ile nilipata majibu yangu. Nikaomba angalau wewe uwe mzima, watoto wapate pa kuponea."

Mwokaji alikaa juu ya gunia la unga. Alimhurumia, na hasira haikumtoka.

"Ukaona unipime, badala ya kuniambia."

"Niliogopa utaondoka."

"Kuondoka ama kubaki ni juu yangu! Hilo ndilo uliloninyima."

"Nisamehe, mpenzi. Daktari anasema alama zile kwenye vinasaba si hukumu. Nikila vizuri, nikilala, nikitembea, zipo zinazoweza kubadilika. Ila hakuniahidi kitu."

Mwokaji alijifuta machozi kwa aproni.

"Kukupenda nakupenda, nisikufiche. Kuzaa nawe, naogopa."

"Hata mimi naogopa."

"Kesho nitakuja kliniki kupimwa, kwa hiari yangu. Kama unataka kunioa, niambie kabla majibu hayajasomwa. Yakishasomwa, sitaki kusikia neno lako."

Mpimaji alitaka kujibu upesi. Safari hii alimshika mkono, akafikiri kwanza, akiwa bado na hofu yake yote.

"Nitakuambia mlangoni," alisema, "kabla hujaingia."