Chumba cha Nelius

Jioni hiyo mama alinituma kwa jirani kuazima sanduku la safari.

Tulikuwa tumebakisha siku chache tupande ndege. Kaka yangu Munyi alikuwa mpishi huko Siena, mji wa kale wa Italia, wenye nyumba za mawe na vichochoro vyembamba. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kama ilivyo desturi yetu Waembu, mtoto alipewa jina la mama yetu, Ciakuthii. Mama alitaka kumpakata wajina wake kabla hajafa. Tungekaa wiki moja tu. Viza tulishapata, na unga wa wimbi wa kumpikia mzazi uji ulikuwa tayari. Kilichokosekana ni sanduku.

Jirani huyo, Virginia, aliishi ng'ambo ya shamba letu la majani chai. Binti yake Nelius naye aliwahi kwenda Siena, miaka mingi kabla ya Munyi, kufanya kazi za nyumbani. Alifia huko. Tuliambiwa ni mapafu. Walimzika hukohuko, na kilichorudi kwetu Runyenjes ni sanduku lake. Sikutaka kuliazima hilo, lakini mama alisema sanduku ni sanduku.

Nilimkuta Virginia jikoni akichambua maharagwe. Nikamweleza haja yangu. Akauliza tunakwenda mji gani. Nilipoutaja, mikono yake ilisimama. Kisha akasema nijichukulie, liko chini ya kitanda cha Nelius.

Chumba hicho hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia la maua tu. Nikalisukuma, nikaingia, nikainama.

Harufu ilinipokea... Haikuwa ya moshi wala ya mvua. Ilikuwa ya jiwe lililolowa muda mrefu, na ya mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Nikanyoosha mkono chini ya kitanda.

Hapakuwa na kitanda.

Nikageuka upesi nilishike pazia nitoke. Nikashika mbao. Mbao nene, baridi, zenye misumari ya chuma yenye vichwa vikubwa kama vifungo vya koti. Nikapapasa kulia: jiwe. Kushoto: jiwe. Nikainua mkono, na dari ya mawe ilikuwa palepale juu ya kichwa changu. Nyumba ya Virginia ilikuwa ya mbao na mabati. Nilikuwa nimeingia humo mara nyingi tangu utotoni.

Nikamwita. Sauti yangu ilinirudia usoni.

Mbali, kengele ikalia... Kengele nzito, isiyo ya kanisa letu.

Halafu mtu akapumua karibu na sikio langu.

"Umekuja kunitoa?" Ilikuwa sauti ya msichana, kwa Kiembu.

Nikajibana ukutani.

"Matajiri wangu walifunga, wakaenda safari yao," akanong'ona. "Nilisikia ufunguo. Nilibisha mpaka nikachoka."

Vidole baridi vikanizunguka mkono.

"Mlango haufunguki mpaka mwingine aingie. Na wewe umeshaingia."

Nilianza Baba Yetu. Niliwafikiria watoto wangu wawili, waliokuwa wakingoja chakula cha jioni nyumbani. Nikasukuma ule mlango kwa bega. Haukutikisika.

Yaliyotokea upande wa pili niliyasikia baadaye. Mama aliona nimechelewa, akanifuata. Alimkuta Virginia amelishika pazia, analia. Chumbani mlikuwa na kitanda na sanduku, na mimi sikuwemo. Virginia akamweleza kwamba kila jioni humsikia binti yake akibisha ukutani, lakini hakuwahi kumwona akimshika mtu. Mama hakupiga kelele. Alisimama pale penye pazia, na mimi nikaisikia sauti yake kupitia mbao zile nene.

"Nelius. Ni mimi, mama yake Munyi. Mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa."

Vidole vililegea kidogo.

"Huyo ana watoto wadogo, mwanangu. Mwachie. Ninakuja huko mwenyewe. Nitakaa mahali pako."



"Kweli?" Nelius akauliza, kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya Krismasi.

"Kweli."

Nikaanguka sakafuni, pazia la maua mkononi.

Nilitaka tuivunje ile safari. Nilimpigia Munyi simu; alicheka tu. Padre alituombea. Mama aliendelea kukunja nguo zake. Alisema ameahidi, na kama asipokwenda, mimi ndiye Nelius atakayemrudia. Tena alitaka kumwona wajina wake.

Huko Siena mama alikuwa na furaha. Alimwimbia mtoto kwa Kiembu, akala kila kitu alichopika Munyi. Sikumwacha peke yake. Usiku nililala nimeshika nguo yake.

Jioni ya mwisho tulipita kichochoro kimoja tukitoka kanisani. Kengele ikalia. Niliijua. Gurudumu la kigari cha mtoto likakwama kwenye mawe, nikainama kumsaidia Munyi. Nilipoinuka, mama hakuwepo.

Kabla sijapata sauti ya kumwita, akatokea nyuma yetu akipangusa vumbi mikononi. Alisema alikuwa anafunga kamba za viatu. Nilimkumbatia kwa furaha, sikuuliza zaidi. Akatutangulia kupanda mlima. Alipanda haraka, yeye ambaye goti lilikuwa limemsumbua miaka yote.

Ndani ya ndege alikaa ameegemea dirisha safari nzima.

Tulipofika nyumbani Virginia alikuwa amesimama kando ya barabara. Alimtazama mama kwa muda mrefu.

"Nelius," akasema.

"Nimerudi, mama."

Akaacha mizigo yetu kwenye matope, akamshika Virginia mkono, wakaingia ndani pamoja. Hakuitazama nyumba yetu.

Yuko huko hadi leo. Anachuma majani chai upesi kama msichana, na tukikutana hunisalimu vizuri, kama jirani. Watu wa kanisa wanasema ni uzee. Siku moja nilimfuata shambani nikamuuliza mama yangu yuko wapi. Akanitazama kwa huruma.

"Alinisukuma nje," akasema polepole. "Hakulia."

Munyi aliutafuta ule mlango wenye misumari mpaka akaupata, akamwomba mwenye nyumba amfungulie. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mtupu. Lakini anasema kila wakipita hapo jioni, mtoto huacha kulia, akageuza kichwa, akacheka kana kwamba kuna mtu anamwimbia.

Nimeomba viza tena. Mume wangu anadhani ninakwenda kumwona mtoto.