Hati ya Nyumba ya Sare

Kila siku ya shule ilianza kwa namna moja katika nyumba ile. Kabla jua halijapanda, Futi alikuwa ameshafagia vipande vya kitambaa chini ya cherehani, ameokota sindano zilizoanguka kwa kutumia sumaku, na amefungua madirisha mawili ya chumba cha mbele ili mama yake apate mwanga wa kutosha. Chumba hicho kilikuwa kiwanda, duka na sebule kwa wakati mmoja. Mgeni akija alikaa kwenye benchi la wateja, na mteja akikawia alikaribishwa chai.

Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Mtaani wote walimwita Futi, kwa sababu tangu akiwa na miaka minne alitembea na futikamba ya mama yake shingoni, akipima kila kilichokubali kutulia: meza, mlango, mbuzi wa jirani, hata baba yake akiwa amelala mchana. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na tabia hiyo ilikuwa haijamtoka.

Nyumba yao nayo ilikuwa na jina lake. Majirani waliiita Nyumba ya Sare. Mama yake Futi, fundi cherehani, alinunua kiwanja kwa kushona sare za shule tatu kwa miaka saba. Baba alikuwa dereva wa lori, na kila aliporudi safari alipandisha ukuta kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilijaa hadi kikaezekwa bati. Mama aliweza kukuonyesha jiko akakuambia hili ni la mwaka wa suruali za kaki, na chumba kile ni cha mwaka wa sketi za bluu. Akisema hivyo kidevu chake kilipanda juu kidogo, na alikuwa na haki.

Kazini mama huyo alikuwa na sheria moja asiyoilegeza kwa mtu. Mzazi akimpelekea kikaratasi kilichoandikwa kiuno cha mtoto na urefu wa mguu, alikirudisha. "Vipimo vya kuletewa sishoni," alisema. "Niletee mtoto mwenyewe." Wapo walionuna wakasema fundi huyu ana maringo. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kuvaa suruali ya kumbana kutoka kwenye cherehani yake.

Ajabu ni kwamba mama huyohuyo alikuwa na karatasi moja ambayo hakuwahi kuipima wala kuisoma. Ilikuwa hati ya nyumba, aliyoipata miaka kumi na moja nyuma. Ilikaa ndani ya kopo la biskuti, imefungwa kwa kitambaa cha satini, juu ya kabati chumbani. Mara moja kwa mwaka kopo liliteremshwa, likafutwa vumbi na kurudishwa juu. Aliiheshimu hati ile kama mgeni mkubwa ambaye haulizwi maswali.

Jumanne moja, Futi aliporudi shuleni alimkuta bwana mmoja kwenye benchi la wateja. Alikuwa na koti la kijivu, faili la plastiki, na tabasamu lisilochoka. Alieleza kwamba ametoka ofisi ya ardhi. Kumbukumbu zote za viwanja zinahamishiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo anapita nyumba kwa nyumba kukusanya hati halisi ili wananchi wasihangaike na foleni. Baada ya wiki mbili kila mtu atarudishiwa yake. Jirani yao, Baba Mapacha, alikuwa ameshampa yake jana.

Habari ya kompyuta ilikuwa kweli. Tangazo lilibandikwa hata kwenye ukuta wa shule. Uongo uliochanganywa na ukweli ndio mgumu kuutambua, kwani unaingia ndani huku umeshikwa mkono na ndugu yake. Mama alikuwa amepiga magoti na pini mdomoni, akikunja pindo la gauni la mteja. Alimwashiria Futi kwa mkono akalete kopo.

Futi aliliteremsha. Alikuwa na nia ya kuhesabu kurasa tu, ili zikirudishwa wajue kama zimetimia. Zilikuwa nne. Ya tatu ilikuwa ramani ya kiwanja, na wiki iliyopita mwalimu wao alikuwa amewafundisha kusoma ramani. Futi aliikunjua kitandani, akaisoma, akairudia tena. Upande wa barabarani uliandikwa mita kumi na mbili. Nyuma ya kiwanja paliandikwa neno moja: mfereji. Futi alikizunguka kiwanja chao akilini, akatafuta mfereji huo, asiuone.

Alimwita mama yake chumbani.

"Mama, hapa wameandika nyuma yetu kuna mfereji."

"Mfereji gani tena? Nyuma yetu si ukuta wa shule yenu?"

"Ndiyo. Na mbele yetu, nilivyowahi kupima kwa hatua, ni pana kuliko walivyoandika."

Mama alitoa pini mdomoni. Aliangalia karatasi, akaangalia mlango ambako mgeni alikuwa akikohoa kikohozi cha mtu mwenye haraka. "Futi, hiyo imeandikwa na wataalamu, ikapigwa mhuri. Wewe wa darasa la sita ndiye wa kuwasahihisha? Nipe nimpe mgeni aende."

Futi hakuzoea kumbishia mama yake, wala hakutaka kuonekana mjuaji. Aliikunja ramani polepole, lakini hakuitoa.

"Mama, wewe hushoni vipimo vya kuletewa," alisema kwa sauti ndogo.

Mama alimtazama binti yake, kisha akatoka akamwambia mgeni kwamba leo haitawezekana, apite Alhamisi jioni. Mgeni alisema muda umekwisha, watakaochelewa watapoteza haki zao. Mama akajibu kwamba haki ya miaka kumi na moja haiwezi kufa kwa siku mbili. Lile tabasamu lilipungua, na bwana yule akaondoka.

Jioni ile walipima. Futikamba ya fundi ina mita moja na nusu tu, kwa hiyo Futi alichukua uzi mnene wa kushonea magunia, akaupima na kuufunga fundo kila mita. Mama alishika ncha moja kwenye jiwe la mpaka la kwanza, naye akatembea na nyingine hadi jiwe la pili. Mbele walipata mita kumi na nane. Ubavuni walipata ishirini na nne, ilhali ramani ilisema thelathini na sita. Baba Mapacha aliyekuwa akiwatazama kutoka barazani kwake aliuliza kama wanaishonea nyumba suruali. Mama alicheka kidogo, lakini aliukunja ule uzi upesi akaingia ndani.

Asubuhi yake mama aliomba ruhusa shuleni, wakaenda pamoja ofisi ya ardhi. Walikaa kwenye benchi refu chini ya feni lililokuwa likilalamika, mpaka wakaitwa dirisha la tatu. Afisa ardhi alikuwa mwanamke mtu mzima aliyechomeka penseli kwenye nywele zake. Walipomweleza kisa cha mgeni, aliuliza kwanza hati halisi iko wapi, na alipoiona mkononi mwa mama akashusha pumzi.

"Ofisi hii haimtumi mtu kukusanya hati majumbani," alisema. "Haijawahi. Tunawataka wananchi waje wenyewe wahakiki, na wakitoka hapa wanarudi na hati zao. Huyo bwana akishapata hati halisi, anatafuta mtu wa kujifanya wewe, anaiuza nyumba yako ukiwa umelala ndani."

Kisha alitoa faili la zamani, akalinganisha ramani na daftari kubwa, akaondoka, akarudi na faili la pili. Miaka kumi na moja iliyopita, alieleza, maombi mawili yalifika siku moja, na karani akabandika ramani ya huyu kwenye faili la yule. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za serikali, mama alikuwa mmiliki wa kiwanja kitupu kando ya mfereji, mwisho wa mtaa. Nyumba ya Sare, pamoja na jiko la suruali za kaki, ilikuwa imeandikwa kwa fundi saa mmoja wa mjini ambaye hawakuwahi kumwona.

Mama aliketi. Futi aliogopa. Kama fundi saa yule angeuza kiwanja chake, mnunuzi angefika na karatasi za kweli, zenye mhuri wa kweli, akawaambia watoke. Miaka saba ya sindano ingekwenda na maji.

"Nani aligundua?" afisa aliuliza.

Mama alimgusa Futi begani. "Huyu. Alipima."

Afisa aliomba kuona vipimo. Futi akafungua daftari lake la hisabati, na afisa yule akavisoma vyote, mstari hadi mstari, bila kucheka. Ndipo akawaeleza la kufanya. Wajaze fomu ya marekebisho. Fundi saa aitwe, wote wawili watie sahihi mbele yake. Mpima ardhi atafika kuhakikisha mipaka. Na namba ya simu ya mama iandikwe kwenye faili, ili mtu yeyote akigusa kumbukumbu ya nyumba ile, mwenyewe apewe taarifa. Walipomwambia kwamba Baba Mapacha alishatoa hati yake, aliweka zuio siku hiyohiyo, nyumba ile isiweze kuuzwa wala kuhamishwa kwa mtu. Mwisho aliwaambia waende polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa.

Alhamisi jioni bwana wa koti la kijivu alifika bila kuchelewa. Mama alimkaribisha vizuri mno. Alimwambia kopo linateremshwa. "Ila koti lako hili, bwana, mabega yamelala. Mtu wa ofisi kubwa anatembeaje hivi? Simama kidogo nikuonyeshe." Bwana yule alipenda kusifiwa, akasimama. Mama akamchomeka pini begani, nyingine kwenye mkono, nyingine chini ya kwapa, nyingine kiunoni, mpaka akafika pini kumi na nne.

"Usitikisike," alimwambia. "Zitakuchoma."

Alikuwa bado amenyoosha mikono pale mwenyekiti wa mtaa alipoingia na askari wawili. Ndani ya faili lake zilikutwa hati nane za watu, ya Baba Mapacha ikiwa juu. Kabla hajaondolewa, mama aliwaomba askari dakika moja, akachomoa pini zake zote kumi na nne, moja baada ya nyingine, kwa sababu ni za kazi. Baba Mapacha alipopata habari hakusema neno la utani kwa siku tatu, na kwake huo ulikuwa ugonjwa.

Fundi saa alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa mzee mpole, naye aliona aibu kwa sababu hati yake ilikaa kwenye droo miaka yote hiyo bila kufunguliwa. Walitia sahihi pamoja. Kisha mpima ardhi akaja na chombo chake cha miguu mitatu, akahangaika juani asubuhi nzima. Alipomaliza aliomba daftari la Futi alinganishe. Tofauti kati ya chombo chake na ule uzi wa magunia ilikuwa upana wa kiganja kimoja.

"Fundi, huyu amefundishwa na nani?" aliuliza.

"Ni binti yangu," mama alijibu. Kidevu chake kilipanda kuliko siku zote alizoonyesha jiko.

Baada ya miezi miwili waliitwa kuchukua hati iliyosahihishwa. Mama hakuipeleka juu ya kabati. Kwanza alikwenda kutoa nakala mbili, moja ya kuweka nyumbani na moja ya baba kubaki nayo. Jumamosi aliwaita majirani waje na hati zao, wakae kwenye benchi la wateja wazisome. Walikuja kumi na moja. Wawili kati yao walikuta makosa, mmoja jina, mwingine namba ya kiwanja, na Jumatatu wakaenda dirisha la tatu.

Baba akiwa amerudi safari na chumba kikiwa kimejaa, mama alisimama kando ya cherehani. Hakuwa msemaji wa mikutano, lakini siku hiyo alisema.

"Mimi niliiheshimu hati yangu kwa kuificha," alisema. "Kumbe nilikuwa naifungia kosa ndani yake, likae salama. Karatasi ya nyumba inasomwa, inalinganishwa na nyumba yenyewe, na ofisini mtu anakwenda kuiangalia hata kama hajaitwa. Halafu mgeni hapewi, hata akija na tabasamu na mhuri. Hayo sikuyajua mimi mtu mzima. Yamejulikana humu ndani kwa sababu mtoto aliuliza, na mimi nusura nimnyamazishe. Mtoto wako akikuuliza kitu kuhusu nyumba yenu, msikilize. Ni nyumba yake pia."

Majirani waliitikia. Futi alikuwa ameinama akiangalia vidole vya miguu yake, na masikio yalimwaka kwa furaha. Mama akamkabidhi hati mpya, akamwambia asome kwa sauti ili wote wasikie.

Futi aliisoma kuanzia juu hadi kwenye mhuri: jina kamili la mama yake, namba ya kiwanja, mita kumi na nane kwa ishirini na nne, nyuma ukuta wa shule. Mama yake alisikiliza akiwa amesimama wima, na alipolisikia jina lake akaitikia.