Kipande Kisicho na Sahihi

Haya yalimkuta shoga yangu fundi cherehani, ambaye hajui uongo, hata kusingizia kuumwa tumbo hawezi. Binti wa kaka yake alipoolewa, wageni walitia sahihi kwenye vipande vya kitambaa, na shoga yangu akaviunga viwe blanketi la maharusi. Kimoja hakikuwa na jina. Kilikuwa vuguvugu, kikinuka kama kwapa la mgonjwa.

"Hiki tukitupe, mwanangu."

"Shangazi, usinitie aibu! Kila mgeni awemo."

Akashona huku kabana pua. Umeme ukakatika, na gizani akasikia kitu kikimeza mate chini ya sindano. Taa ilipowaka, kila tundu lililotobolewa na sindano lilikuwa limeota unywele. Mjinga yule akazinyoa nywele hizo kwa wembe, akamkabidhi binti yule blanketi lake.

Juzi bibi harusi alipiga simu.

"Shangazi, hili blanketi linanyolewa kwa kitu gani? Tumeamka nywele zake zimo midomoni mwetu."